Shilingi kwa Shilingi: Istilahi za Kima cha Kubadilishia Fedha

Sentensi ifuatayo, au nyingine inayofanana nayo, huonekana mara kwa mara katika maandishi ya shule na hata ya ofisi: "Katika mwaka 1986 shilingi ya Tanzania ilipanda kutoka 17 hadi 40 kwa dola moja ya Marekani." Mwandishi ameona tarakimu imekua, akaandika "ilipanda". Ukweli ni kinyume chake. Mwaka huo shilingi ilishushwa thamani, tena kwa kiasi kikubwa kuliko mara zote zilizotangulia. Kilichopanda ni bei ya dola. Mwanafunzi aisomaye sentensi hiyo atajibu mtihani kinyume, na mtumishi aitiaye katika taarifa atamfikishia mkuu wake habari iliyopinduliwa.

Makala haya yanakusudia kueleza maneno yanayotumika katika jambo hili la kubadilishana fedha baina ya nchi na nchi, na kuonyesha mahali ambapo maneno hayo humtega mtumiaji. Tumechagua mfano wa shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania. Ni fedha zenye jina moja, zilianza zikiwa sawa kabisa, na hatimaye ziliachana mbali. Zaidi ya hayo, watu wazitumiao pande zote mbili za mpaka, kuanzia Sirari na Isebania hadi Horohoro na Lungalunga, huzungumzia jambo hili kwa Kiswahili kila siku, bila kungoja istilahi za vitabuni.

Kima, kiwango na bei

Jina la jambo lenyewe halijatulia. Katika magazeti na taarifa za benki tunakuta "kiwango cha kubadilisha fedha", "kiwango cha ubadilishaji wa fedha", "kima cha kubadilishia fedha", na pengine "bei ya fedha za kigeni". Yote yanaeleweka, wala hatuoni haja ya kuyatoa mengine mwituni kwa nguvu. Lakini kwa maandishi ya kitaalamu tunapendelea "kima cha kubadilishia fedha", na ni vema kueleza kwa nini.

Neno "kima", lenye maana ya kiasi au thamani ya kitu, limezoeleka tayari katika "kima cha chini cha mshahara", yaani kiasi kilichokubaliwa ambacho hakipunguzwi. Wako watakaocheka kwa kumkumbuka mnyama wa mwituni mwenye jina hilo hilo, au nyama ya kusaga. Hakuna hasara katika hilo, maana muktadha unatosha kuwatenga. "Kiwango" kinabeba mizigo mingi mno: kiwango cha elimu, kiwango cha maji, kiwango cha ubora. Katika taarifa moja ya uchumi neno hilo laweza kutokea mara ishirini kwa maana tano mbalimbali. Ama kuhusu kitenzi, kauli ya kutendea, "kubadilishia", ndiyo ifaayo, kwa sababu kima si kitendo cha kubadilisha bali ni kile ambacho kwacho fedha hubadilishwa, kama vile kisu cha kukatia na kamba ya kufungia. Mtu asemaye "kima cha kubadilisha" haeleweki vibaya, lakini amepoteza kitu ambacho sarufi ya Kiswahili inampa bure.

Kima cha kubadilishia fedha kwa kweli ni bei tu: ni bei ya fedha moja ikitajwa kwa fedha nyingine. Na hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo, maana bei yoyote ina pande mbili. Tukisema sukari ni shilingi 3,000 kwa kilo, hakuna amuulizaye muuzaji kilo ngapi za sukari kwa shilingi moja. Fedha kwa fedha, hata hivyo, zote mbili zaweza kuwa bidhaa na zote mbili zaweza kuwa malipo. Wafanyabiashara wa Namanga wameitatua shida hii kwa njia yao: humtaja mkubwa kwanza. Huuliza shilingi ya Kenya "inakwenda kwa ngapi", na jibu likiwa "ishirini" kila mtu anajua kwamba ni shilingi ishirini za Tanzania kwa moja ya Kenya. Hawasemi "imepanda" au "imeshuka" bila ya kuitaja iliyopanda. Mtafsiri na ajifunze kwao. Sentensi salama ni ile inayotaja fedha zote mbili, moja kwa kizio na nyingine kwa hesabu: "Shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa shilingi 15 za Tanzania." Kisha, ikibidi kusema habari ya kupanda au kushuka, itajwe ni fedha ipi iliyopanda na kwa kulinganishwa na ipi.

Juu ya neno "dhidi ya", ambalo siku hizi limeenea katika habari za biashara ("shilingi dhidi ya dola"), tuna shaka. Dhidi ni neno la uadui: vita dhidi ya maradhi, timu moja dhidi ya nyingine. Fedha mbili zinazopimana si maadui, na Kiswahili kina "kwa kulinganishwa na" na "mbele ya", ambayo yanatosha.

Thamani sawa

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi za Afrika Mashariki zilikuwa chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919. Bodi hiyo ndiyo iliyoleta shilingi mahali pa rupia ya Uhindi iliyokuwa imetawala biashara ya pwani hii kwa miaka mingi. Zanzibar iliendelea na rupia yake hadi tarehe 1 Januari 1936, ilipobadilishwa kwa kima cha shilingi moja na nusu kwa rupia moja. Kwa upande wa Tanganyika, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuikata rupia yao katika heller mia moja mwaka 1904 na kuifunga na fedha ya kwao kwa kima cha rupia 15 kwa mark 20. Kima hicho kimekufa pamoja na utawala wao. Neno "hela" lingali hai, na halitaji tena sarafu yoyote bali fedha zote. "Pesa" nayo ilitoka Uhindi kwa njia hiyo hiyo, ikiwa jina la sarafu ndogo, sitini na nne kwa rupia. Na "thumuni", ambayo kwa asili yake ya Kiarabu ni sehemu ya nane, imekaa juu ya senti hamsini, ambayo ni nusu ya shilingi: jina lilizaliwa juu ya fedha nyingine iliyo kubwa zaidi, likahamia hapa bila ya kubeba hesabu yake. Tunayataja haya kwa kupita tu, ili ionekane kwamba majina ya fedha hudumu kuliko vima vyake, na kwamba jina peke yake si ushahidi wa thamani.

Mwaka 1966 shilingi ya Afrika Mashariki ilizaa shilingi tatu. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwezi wa Juni mwaka huo, na Uganda na Kenya zikafuata kabla ya mwaka kwisha. Kila nchi ilitoa noti zake, lakini shilingi zote tatu zilikuwa na thamani ile ile: 20 kwa pauni moja ya Kiingereza, na karibu 7.14 kwa dola moja. Hali hii ya shilingi kwa shilingi ndiyo tunayoiita "thamani sawa". Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, uliishika hali hiyo kwa kuagiza noti za nchi moja zibadilishwe na za nyingine kwa thamani sawa, bila kutozwa ada.

Ni lazima hapa kutenga mambo mawili ambayo neno "sawa" huyachanganya. Fedha mbili kuwa na thamani sawa ni jambo la hesabu: moja kwa moja. Fedha mbili kuwa fedha moja ni jambo jingine, maana linahitaji Benki Kuu moja na hazina moja ya fedha za kigeni. Baada ya 1966 shilingi hizi zilikuwa sawa bila ya kuwa moja. Usawa wao ulikuwa ahadi ya serikali tatu, na ahadi ya namna hiyo hudumu kwa muda ambao kila mwenye kuahidi anaweza na anataka kuitimiza. Mwandishi wa kitabu cha historia anayeandika kwamba "nchi tatu zilitumia fedha moja hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977" amekosea kwa zaidi ya miaka kumi.

Kushusha, kushuka, na kutoshusha

Tarehe 18 Novemba 1967 serikali ya Uingereza ilitangaza kushusha thamani ya pauni yake kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Nchi za Afrika Mashariki hazikufuata. Kwa hiyo pauni ya Kiingereza, iliyokuwa shilingi 20, ikawa shilingi 17 na senti 14. Mtafsiri na aangalie vizuri tukio hili, kwa sababu mna matendo mawili ndani yake: Uingereza ilishusha thamani ya fedha yake, na shilingi ikapanda thamani kwa kulinganishwa na pauni bila mtu yeyote Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kuipandisha.

Kiswahili kimejaliwa kauli za vitenzi zinazotenga jambo hili kwa uzuri ambao lugha nyingine huutafutia maneno mawili yasiyohusiana. "Kushusha thamani" ni tendo la mwenye mamlaka, serikali au Benki Kuu, kwa tangazo na tarehe maalumu; likisemwa upande wa fedha yenyewe ni "kushushwa thamani". "Kushuka thamani" ni mwendo wa fedha sokoni, usio na tangazo wala mtangazaji. Kadhalika "kupandisha" na "kupanda". Tofauti hii si ya mapambo. Mtu akiandika kwamba mwaka fulani "shilingi ilishuka thamani" huku serikali ndiyo iliyoishusha, ameficha aliyetenda. Akiandika "serikali ilishusha" pale soko liliposhusha, amemsingizia asiyetenda. Maneno kama "kuporomoka" na "kudidimia" tungewaachia wahariri wa magazeti, maana yanatoa hukumu kabla ya hesabu.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 usawa wa shilingi ulianza kuwa wa karatasini. Serikali ziliweka udhibiti wa fedha za kigeni hata baina yao zenyewe, na mtu hakuweza tena kuchukua noti zake akavuka mpaka nazo kwa uhuru. Vima rasmi, hata hivyo, viliendelea kuwa moja kwa moja. Mwezi wa Oktoba 1975 nchi zote tatu kwa pamoja ziliacha kuifunga shilingi na dola, zikaifunga na kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho wakati ule kilitokana na mjumuiko wa fedha za nchi kumi na sita. Kima kilikuwa shilingi 9.66 kwa kizio kimoja cha kipimo hicho. Kitenzi "kufunga" ndicho tunachokipendekeza kwa jambo hili. Fedha iliyofungwa na nyingine huenda nayo ipandapo na ishukapo, kama mbuzi aliyefungwa kamba nyuma ya mkokoteni. Wako waandikao "kubandika" na "kuegemeza". Hilo la pili si baya, ila mtu anayeegemea anaweza kuondoka apendapo.

Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwezi wa Februari mwaka huo, usifunguliwe tena hadi Novemba 1983. Mwanzoni mwa 1979, katikati ya vita vya Kagera, Tanzania iliacha kipimo kilichotumiwa na jirani zake na kushusha thamani ya shilingi kwa karibu asilimia kumi. Tangu siku hiyo shilingi mbili hazikuwa sawa tena hata katika karatasi.

Kima rasmi na kima cha magendo

Kipindi kinachofuata ndicho chenye mafunzo mengi zaidi kwa msomaji wa takwimu, kwa sababu tarakimu rasmi zinasema jambo ambalo hakuna mfanyabiashara wa Taveta au Holili angeliamini.

Kenya ilishusha thamani ya shilingi yake mara mbili katika mwaka 1981 na tena Desemba 1982. Tanzania, ambayo Rais wake, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa amekataa hadharani mwanzoni mwa 1980 masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ilikwenda kwa mwendo wa taratibu zaidi. Matokeo yake ni haya: kwa wastani wa mwaka 1983, dola moja ilikuwa karibu shilingi 13.3 za Kenya na karibu shilingi 11.1 za Tanzania. Ukigawanya utapata kwamba shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na senti 84 za Tanzania. Kwa maneno mengine, katika mwaka ule ule ambao Tanzania iliendesha vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, sabuni na sukari zikiwa adimu madukani na fedha za kigeni zikiwa haba, vitabu vilionyesha kwamba shilingi yake ilikuwa na thamani kubwa kuliko ya jirani yake.

Hesabu hiyo si ya uongo, wala aliyeiandika hakukosea. Ni kima rasmi, yaani kima ambacho Benki Kuu ilitumia kwa wale iliokubali kuwauzia fedha za kigeni. Nje ya hapo palikuwa na kima kingine, ambacho kwacho dola ilipatikana kwa shilingi nyingi mara kadhaa. Kiswahili kina neno lake la siku nyingi kwa biashara hiyo, nalo ni "magendo". Kwa hiyo tunasema "soko la magendo" na "kima cha magendo". Tunaomba watafsiri waachane na "soko jeusi", ambalo halimwambii Mswahili kitu chochote isipokuwa rangi. Na "ulanguzi" usitumike mahali pa magendo: mlanguzi hununua bidhaa na kuificha ili aiuze kwa bei ya juu, hata kama bidhaa yenyewe imeingia nchini kwa njia ya halali, ilhali magendo ni kupitisha kitu nje ya njia ya sheria. Mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili, lakini ni makosa mawili.

Fedha ambayo kima chake rasmi kimewekwa juu kuliko soko litakavyokubali tunaiita "fedha iliyozidishiwa thamani". Ni kirefu kidogo, lakini kinasema wazi kwamba kuna aliyezidisha.

Hapa pia pana tofauti ambayo walimu wa uchumi hawana budi kuwa nayo macho. Wataalamu hutofautisha kima kitajwacho na kima kilichorekebishwa kwa kulinganisha mwendo wa bei katika nchi zote mbili, na hiki cha pili wamekizoea kukiita "kima halisi". Msomaji wa kawaida akisikia "kima halisi cha mwaka 1983" atadhani anaambiwa kile cha mitaani, tofauti na kile cha serikali. Kwa hiyo tunashauri kwamba katika maandishi ya umma isemwe kwa ukamilifu, "kima kilichorekebishwa kwa bei", hata kama wataalamu wenyewe wataendelea na kifupi chao darasani.

Katikati ya 1986, baada ya Rais Ali Hassan Mwinyi kushika uongozi, Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha, na dola ikatoka karibu shilingi 17 hadi karibu 40. Hebu tuitazame tarakimu hii kwa pande zake mbili, maana ndiyo iliyotufungulia makala. Bei ya dola ilipanda kwa asilimia 135. Thamani ya shilingi ilishuka kwa asilimia 57 na nusu. Ni tukio moja, na asilimia zote mbili ni sahihi. Lakini ukiona taarifa isemayo kwamba "shilingi ilishushwa thamani kwa asilimia 135" ujue kwamba haiwezekani, kwa kuwa kitu hakipotezi zaidi ya kile kilichokuwa nacho. Mtafsiri anayekuta asilimia katika matini ya kigeni asiihamishe kabla ya kupiga hesabu na kujua imepimwa upande upi.

Kutoka hapo mwendo ulikuwa wa upande mmoja kwa miaka mingi. Kwa wastani wa mwaka, na kwa kupitia dola, shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na shilingi 1.06 za Tanzania mwaka 1985, karibu 3.9 mwaka 1987, karibu 8.5 mwaka 1990, na karibu 11 mwaka 1995. Ilifika 15 hivi mwaka 2005 na 20 mwaka 2015. Kima cha namna hii, kinachopatikana kwa kulinganisha kila fedha na ya tatu, tunakiita "kima cha kupitia", na inafaa fedha iliyopitiwa itajwe. Mwaka 2020 kilikuwa karibu 21.5, na mwaka 2023 karibu 17. Katika miaka hiyo mitatu shilingi zote mbili zilishuka thamani kwa kulinganishwa na dola. Ya Kenya ilishuka zaidi, kwa hiyo ya Tanzania ilipanda kwa kulinganishwa nayo. Anayeuliza tu kama shilingi ya Tanzania "ilipanda au ilishuka" hawezi kujibiwa.

Miaka ya 1990 ilileta pia neno "kuelea". Tanzania iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha mwaka 1992, na mwaka 1993 nchi zote mbili ziliacha kupanga kima kwa tangazo. Tangu hapo imezoeleka kusemwa kwamba shilingi "inaelea". Kwa masikio yetu, kitu kinachoelea kimeachwa kwenda popote, kama kifuu baharini. Na watu wengi huelewa kwamba Benki Kuu imejitoa. Sivyo: Benki Kuu bado hununua na kuuza fedha za kigeni, na huweza kupunguza kasi ya mwendo. Tunaona ni wazi zaidi kusema "kima cha soko", kinyume chake kikiwa "kima cha kupangwa".

Shilingi ipi, na ya lini

Tumesema kwamba jina moja la fedha mbili ni mtego. Unakuwa mtego wa hatari katika hati za zamani. Mfanyakazi wa Shirika la Reli au la Posta la Afrika Mashariki aliyekuwa akikatwa mshahara wake kwa ajili ya kiinua mgongo katika miaka ya 1970 alikuwa na hati iliyoandikwa "shilingi" tu. Wakati ule hapakuwa na sababu ya kuongeza neno. Mali na madeni ya Jumuiya yaligawanywa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984, na kila serikali ikachukua wajibu wa kuwalipa raia wake; madai ya wastaafu wa Tanzania yalifika hadi mahakamani na kuchukua miaka mingi baada ya hapo. Anayeitafsiri hati ya namna hiyo leo anapaswa kuuliza maswali mawili kabla ya kuandika neno "shilingi": ya nchi ipi, na kwa kima cha siku ipi? Shilingi elfu kumi za mwaka 1977 zikichukuliwa kuwa za Tanzania za mwaka 1995 si mafao, ni nauli. Ikiwa hati haisemi, mtafsiri asijaze mwenyewe. Aache "shilingi" kama ilivyo na kuweka tarehe ya hati.

Mtego wa jamii hiyo hiyo ni "pauni". Vitabu vya bajeti vya Kenya viliendelea kwa muda mrefu baada ya uhuru kuhesabu kwa pauni ya Kenya, ambayo haikuwa na noti wala sarafu. Ilikuwa jina la shilingi 20 katika hesabu. Hadi Novemba 1967 ilikuwa sawa na pauni ya Kiingereza. Baada ya hapo hazikuwa sawa tena, na mtafsiri aandikaye "pauni milioni kumi" bila kusema za nani amemwachia msomaji abahatishe.

Uganda tumeigusa kwa uchache, maana habari yake inadai makala peke yake. Itoshe kutaja kwamba mwaka 1987 ilitoa shilingi mpya moja kwa kila mia za zamani. Hilo halikuwa kushusha thamani kwa maana tuliyoieleza, bali kufuta sifuri katika noti. Mishahara na bei zote hugawanywa kwa mia, na kima cha kubadilishia hali kadhalika. Kwa tendo hilo tunapendekeza "kubadili kizio cha fedha".

Istilahi nyingine za jambo hili zitahitajika karibuni, kwa kuwa Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999 ina itifaki ya umoja wa fedha iliyotiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Siku shilingi hizi zitakapobadilishwa kuwa fedha moja, kutahitajika kima cha mwisho kisichotenguliwa, na hati zote za madeni, mishahara na mafao zitaandikwa upya kwa kima hicho. Tungependa maneno yawe tayari kabla ya siku hiyo kufika.

Limebaki jambo moja dogo, ambalo walimu wa hesabu hutuuliza kuliko mengine yote. Mbao za benki na za maduka ya kubadilishia fedha huwa na safu mbili, "kununua" na "kuuza", na wanafunzi hukosea safu. Anayenunua na kuuza hapo ni benki, si mteja. Msafiri wa kutoka Nairobi mwenye shilingi za Kenya anayetaka za Tanzania atatazama safu ya kununua, kwa sababu benki ndiyo itakayozinunua zake. Swali la mtihani na liandikwe hivi: "Benki hununua shilingi moja ya Kenya kwa shilingi 19 za Tanzania, na huiuza kwa shilingi 20." Vichwa vya mbao vikiandikwa "tunanunua" na "tunauza", kama maduka mengine yafanyavyo, hata hilo swali la kutazama safu ipi halitaulizwa.